Kumsomesha mtoto chuo cha umma cha jimbo jingine Marekani bila skolashipu kubwa: mwongozo kamili

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, theluji ya Minnesota bado imeganda kando ya barabara, dada yangu akanipigia simu akipiga vigelegele. Binti yake amepokelewa chuo kikuu cha umma cha jimbo la mbali, tena chuo chenye jina, na barua ya fedha imeshafika. Gharama ya mwaka dola 64,000. Msaada dola 64,000. Kilichobaki kulipa, sifuri.

Nilivaa koti nikaenda. Nikawekewa chai mezani, nikaisoma ile barua mstari kwa mstari. Ruzuku ya chuo, dola 4,000. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi, dola 5,500. Ajira ya chuoni, dola 2,500. Na mstari wa mwisho, ambao dada alidhani ni jina la mfuko wa hisani: Federal Direct Parent PLUS, dola 52,000. Huo ni mkopo, na mkopaji ni mama. Mara nne, ni dola 208,000, riba bado.

"Sasa Mjomba, hiyo sifuri pale chini ni ya nini?" mpwa wangu akaniuliza. Nilimjibu ukweli: ina maana kwamba hesabu za chuo zimefunga. Za nyumbani hazijaguswa.

Tangu siku hiyo nimekaa na familia nyingi mezani namna ile, Wakenya, Watanzania na Wakongo, na nimeona tatizo ni lile lile. Tunaanza kutafuta fedha baada ya mtoto kupokelewa, wakati bei ya chuo cha jimbo jingine huamuliwa na orodha ya vyuo mliyoiandika mwaka mmoja kabla. Mwongozo huu umepangwa kwa kuanzia hapo.

Kwa nini skolashipu za alama ni chache huko

Aliyewahi kusimama kwenye lango la hifadhi ya Serengeti anaujua mfumo huu: mwananchi analipa kwa shilingi, mgeni analipa kwa dola. Vyuo vya umma vya Marekani hufanya vivyo hivyo kati ya mkazi wa jimbo na asiye mkazi. Kwa mwaka wa masomo 2024–25, College Board, shirika linaloendesha mitihani ya kuingilia vyuo na kukusanya takwimu zake, ilikadiria wastani wa ada ya mkazi kuwa dola 11,610 na ya asiye mkazi dola 30,780, bila chakula wala malazi. Kwenye vyuo vyenye jina pengo ni kubwa zaidi. University of Michigan inamtoza mgeni, yaani asiye mkazi wa jimbo, zaidi ya dola 60,000 za ada peke yake.

Fedha ya mgeni ndiyo inayosaidia kumpunguzia mkazi. Kwa hiyo chuo ambacho wageni wanagombania kuingia hakina sababu ya kuwapunguzia bei. Mfumo wa University of California una mpango wa Blue and Gold unaofuta ada kwa familia za kipato cha chini, lakini ni kwa wakazi wa California tu. Go Blue Guarantee ya Michigan, vivyo hivyo, ni ya watu wa Michigan. Mtoto wako anaweza kuwa wa kwanza darasani na bado asipate senti, kwa sababu mlango wenyewe haukujengwa kwa ajili yake. Mwambieni mapema, asije akadhani kashindwa yeye.

Hatua ya kwanza: itajeni namba mezani

Kabla mtoto hajapenda chuo, yaani akiwa mwaka wa tatu wa sekondari, kaeni chini mseme kiasi ambacho nyumba inaweza kutoa kwa mwaka bila kukopa. Kwetu hili ni gumu. Mzazi anaona aibu, mtoto anaona ataonekana hana shukrani, na mwisho kila mtu ananyamaza mpaka Aprili.

Andikeni kwenye karatasi: mshahara unaoingia kweli, kodi ya nyumba, gari, na fedha mnayotuma nyumbani kila mwezi. Usiifiche hii ya mwisho. Dawa za bibi Kakamega au karo za wadogo zako Bukavu hazitasimama kwa miaka minne kwa sababu mtoto kaingia chuo. Kinachobaki ndicho uwezo wenu. Ongezeni kiasi ambacho mtoto atapata kwa kazi ya likizo, kisha mkopo wa serikali wa jina lake mwenyewe, ambao nitaueleza. Jumla hiyo ndiyo dari. Chuo kinachopita dari hiyo baada ya misaada kutolewa hakifai, hata kama kimetuma fulana.

Neno kuhusu harambee. Tunajua kuchangishana, na ni jambo jema. Lakini harambee ya kanisani au ya chama hujaza muhula mmoja, pengine mwaka. Mwaka wa pili waliochanga wana watoto wao. Itumieni kwa tiketi, kompyuta na vitu vya bwenini, msiijengee miaka minne.

Hatua ya pili: tafuteni punguzo la mikataba kabla ya skolashipu

Hapa ndipo kwenye fedha nyingi, na hapa ndipo watu wetu hawafiki, kwa sababu haiitwi skolashipu na hakuna anayeitangaza. Majimbo yana mikataba ya kupokea wanafunzi wa jirani kwa bei nafuu.

Kwa sisi wa Minnesota bahati ni kubwa. Jimbo hili lina makubaliano na Wisconsin, North Dakota na South Dakota: mkazi wa Minnesota anayesoma chuo cha umma huko halipi ada ya mgeni. Unajaza ombi kupitia ofisi ya elimu ya juu ya jimbo. Fomu ni fupi na haina insha. Mpwa wangu alikuwa na anwani ya Minnesota tangu darasa la nne, na hakuna mtu shuleni aliyemtajia.

Majimbo ya magharibi yana WUE, mpango wa Western Undergraduate Exchange. Mwanafunzi wa jimbo mwanachama analipa kiasi kisichozidi asilimia 150 ya ada ya mkazi. Fanya hesabu: kama mkazi analipa dola 10,000, wewe hulipi zaidi ya 15,000, mahali ambapo mgeni wa kawaida angetozwa 28,000 au zaidi. Kwa miaka minne ni dola 52,000 ambazo hukuzitafuta. Majimbo ya katikati yana mpango unaofanana, Midwest Student Exchange, nao una kiwango hicho cha asilimia 150 katika vyuo vya umma.

Kusini ni tofauti kidogo. Academic Common Market inakupa ada ya mkazi kamili, lakini kwa sharti: kozi unayotaka iwe haifundishwi katika jimbo lako na iwe kwenye orodha yao. Wa Texas na Florida waangalie vizuri, kwani majimbo hayo yameshiriki kwa shahada za juu tu. Majimbo ya New England yana mpango wao unaofanana na huo wa kozi.

Mikataba hii ina mitego mitatu. Vyuo vyenye majina makubwa mara nyingi havimo. University of Washington ya Seattle, kwa mfano, haipokei kwa WUE. Pili, chuo kinaweza kuwemo lakini uuguzi au uhandisi ukaachwa nje. Tatu, baadhi ya vyuo hukupa punguzo bila kuomba, vingine vinataka uliombe kabla ya tarehe fulani. Pigeni simu ofisi ya udahili muulize maswali matatu: kozi hii imo? Nafasi zina kikomo? Akibadilisha kozi mwaka wa pili, punguzo linaendelea?

Kisha kuna vyuo ambavyo bei yake ya mgeni iko chini kwa wote. North Carolina ina mpango wa NC Promise katika vyuo vinne: Elizabeth City State, Fayetteville State, UNC Pembroke na Western Carolina. Mkazi analipa ada ya dola 500 kwa muhula, na mgeni dola 2,500. Yaani mtoto wa kutoka Ohio au Maryland analipa ada ya dola 5,000 kwa mwaka mzima. Minot State ya North Dakota inatoza ada moja kwa kila mtu, popote anapotoka. Na Purdue, ambacho ni chuo chenye sifa kubwa ya uhandisi, kilishikilia ada yake palepale kwa zaidi ya miaka kumi tangu mwaka 2012–13. Si rahisi kwa mgeni, ila angalau haikuwa ikipanda kila mwaka.

Hatua ya tatu: jueni chuo kinamsaidia nani

Msaada wa uhitaji ni fedha inayotolewa kwa kuangalia kipato cha familia badala ya alama. Vyuo vingi vya umma huubakiza kwa wakazi. Viwili vyenye jina vinavyoahidi kufidia uhitaji wote uliothibitishwa, hata kwa Mmarekani wa jimbo jingine, ni University of Virginia na UNC Chapel Hill. Kuingia ni kugumu mno: Chapel Hill imewekewa kikomo cha asilimia 18 ya wanafunzi wapya kutoka nje ya jimbo. Lakini kama mtoto ana alama hizo na kipato chenu ni kidogo, hapo ndipo pa kubisha hodi, kabla ya California.

Kwa kila chuo kwenye orodha fanyeni mambo mawili. La kwanza, tumieni kikokotoo cha bei kwenye tovuti yake. Sheria inavilazimisha vyuo kuwa nacho tangu mwaka 2011. Hakikisheni mmechagua kwamba nyinyi si wakazi, maana ukisahau kisanduku hicho utapata namba ya kukufurahisha bure. La pili, tafuteni waraka wa chuo unaoitwa Common Data Set, sehemu ya H2. Unaonyesha wastani wa asilimia ya uhitaji ambayo chuo hufidia, na kifungu cha H2A kinaonyesha wangapi wasio na uhitaji walipewa fedha kwa alama. Huo waraka hauna picha za wanafunzi wanaocheka kwenye majani.

Skolashipu za alama zisizo na kinyang'anyiro bado zipo mahali pachache. University of Alabama huchapisha jedwali: GPA (wastani wa alama za sekondari) kiasi hiki na alama za SAT (mtihani wa kuingilia chuo) kiasi hiki, asiye mkazi anapata kiasi hiki. Hapo SAT ya pili, hata ya tatu, ina thamani ya fedha taslimu.

Hatua ya nne: FAFSA, na mambo yanayotuhusu sisi

Fomu ya FAFSA, ambayo ndiyo ombi la msaada wa fedha wa serikali kuu kwa wanafunzi, ni bure na kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Mtu akidai malipo ya kuijaza, ondoka. Mwenye uraia na mwenye kadi ya kijani wanastahili. Aliyeingia kama mkimbizi huonyesha hati yake ya kuingia nchini, I-94, na hapo someni masharti ya mwaka wenu, maana sheria za wahamiaji zinabadilika. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hastahili. Mzazi asiye na namba ya Social Security bado anaweza kufungua akaunti na kuweka sahihi, na mtoto raia hanyimwi kwa sababu ya hati za mzazi.

Fomu hutumia kodi za miaka miwili nyuma: ya 2026–27 inaangalia kodi za 2024. Kwa hiyo mzazi ambaye hajawasilisha kodi zake aanze na hilo. Ruzuku ya Pell, fedha ya serikali kwa familia za kipato kidogo ambayo hairudishwi, ilifika dola 7,395 kwa mwaka wa 2025–26. Ipelekeni Fayetteville State: inamaliza ada ya masomo ya mgeni na kubakiza dola 2,395 za kusaidia gharama nyingine.

Sasa yale ambayo washauri wa shule hawayajui. Kiwanja cha Kitengela, nyumba ya kupangisha Mbagala au hisa za chama ni mali, na fomu inapouliza uwekezaji inauliza duniani kote. Nyumba unayoishi ndiyo isiyohesabiwa. Semeni kweli. Na msiogope, kwani familia yenye kipato chini ya dola 60,000 na kodi rahisi kwa kawaida haiulizwi mali kabisa.

Fedha unayotuma nyumbani, kwa upande mwingine, FAFSA haiihesabu. Babu aliye Moshi haingii kwenye idadi ya watu wa nyumba yako, hata kama unamlisha. Mahali pa kulisema ni kwenye CSS Profile, fomu ya pili inayotakiwa na vyuo kama Virginia na Michigan, ambayo ni bure kwa familia zenye kipato hadi dola 100,000. Ina nafasi ya kueleza hali maalumu. Andikeni nani, anaugua nini, mnatuma kiasi gani kwa mwezi, na wekeni risiti za kutuma fedha. Chuo hakilazimiki kukubali. Lakini kisichoandikwa hakionwi na mtu.

Hatua ya tano: ukazi, bila kudanganyana

Kila mwaka kuna mtu anayeshauri mtoto atumie anwani ya mjomba wake Texas. Msifanye. Mwanafunzi anayetegemea wazazi huhesabiwa mkazi wa walipo wazazi, na majimbo mengi hutaka miezi 12 ya kuishi pale kwa sababu isiyo ya masomo. Wanaangalia kodi, leseni ya gari na mahali mzazi anapofanya kazi. Mtoto akigundulika atadaiwa tofauti yote.

Yapo majimbo yaliyo laini kihalali. Missouri inamruhusu mwanafunzi kubadilishiwa hadhi baada ya mwaka wa kwanza, akikaa humo miezi 12 mfululizo na kupata angalau dola 2,000 za kipato kinachotozwa kodi katika jimbo hilo. Utah nayo ina njia ya kubadilika baada ya mwaka mmoja. Mtoto anakaa kiangazi chote huko akifanya kazi, na mwaka wa pili analipa kama mkazi. Ulizeni ofisi ya msajili kabla ya kuhama, na majibu yawe kwa maandishi.

Tena, kwa familia zinazofuata kazi: usihame jimbo mwaka ambao mtoto anamaliza sekondari kabla hujapiga simu. Nimeona familia ikihama mwezi wa saba kwenda kwenye mshahara mzuri, mtoto akapoteza ukazi wa zamani na hajapata mpya.

Kama kuna mzazi aliyelitumikia jeshi la Marekani na kumhamishia mtoto faida za GI Bill (malipo ya masomo kwa waliolitumikia jeshi), sheria ya 2014 inavitaka vyuo vya umma vimtoze mtoto huyo bei ya mkazi. Wapo wengi kwetu waliovaa sare na hawajui.

Hatua ya sita: punguzeni mihula

Muhula mmoja wa mgeni unaweza kuwa dola 15,000 za ada. Masomo ya AP (masomo ya sekondari ya kiwango cha chuo, yenye mtihani wake) na masomo ya chuo anayochukua akiwa bado sekondari yanakata mihula. Ulizeni kama chuo kinayapokea, na kama yanahesabiwa kwenye kozi yenyewe au kama nyongeza tu.

Na Kiswahili chenu ni mali. ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha, ina mtihani wa kuongea na kuandika Kiswahili, na majimbo kadhaa hutoa muhuri wa lugha mbili kwenye cheti cha sekondari. Illinois na Minnesota zimeweka utaratibu wa vyuo vya umma kuutambua kwa pointi za masomo. Mtoto anayemsimulia bibi yake habari za shule kwa simu kila Jumapili anaweza kufuta sharti la lugha la muhula mzima au zaidi. Kinachoangusha wengi ni kuandika. Mpeni miezi sita ya kuandika aya moja kila siku.

Hatua ya saba: mikopo, na mahali pa kusimama

Mkopo wa serikali wa jina la mwanafunzi una kikomo: dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na wa nne. Jumla dola 27,000. Huo nauona unabebeka.

Parent PLUS ni jambo jingine. Riba yake kwa 2025–26 ilikuwa asilimia 8.94, na ada ya kuuchukua ilikuwa zaidi ya asilimia 4 inayokatwa juu kwa juu. Kuanzia Julai 2026, wakopaji wapya wamewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja kwa jumla. Ile barua ya dada yangu isingewezekana tena, na mimi nashukuru, ingawa pengo sasa linasukumwa kwenye benki binafsi. Huko wataomba mdhamini. Ukiweka sahihi ya kumdhamini mtoto wa ndugu, deni lote ni lako tangu siku ya kwanza, na litaonekana utakapotaka kununua nyumba. Mkopo wa jina la mtoto ukiisha na bado kuna pengo kubwa, chuo hicho kimeshapita dari.

Hatua ya nane: isomeni barua, kisha jibuni

Chukueni karatasi. Andikeni gharama yote ya mwaka. Toeni ruzuku na skolashipu tu. Mikopo msiitoe. Ajira ya chuoni pia msiitoe, kwani ni mshahara atakaolipwa kidogo kidogo akishafanya kazi, hauwezi kulipa ada ya Agosti. Kisha ongezeni yasiyoandikwa: safari mbili au tatu za kurudi nyumbani, mahali pa kulala mabweni yakifungwa Desemba, na bima ya afya. Hii bima huuma. Kama mtoto yuko kwenye Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya jimbo lenu, nje ya jimbo mara nyingi inafanya kazi kwa dharura tu, na chuo kitamtoza bima yake, pengine maelfu ya dola.

Kama namba iko karibu na dari, kateni rufaa. Andikieni ofisi ya misaada ya fedha barua ya ukurasa mmoja: nini kimebadilika tangu kodi za miaka miwili nyuma (saa za kazi zimepunguzwa, mtu kaugua, mzazi mmoja kaondoka), ushahidi wake, na kiasi mnachohitaji kwa namba. Ofisa ana mamlaka ya kisheria ya kurekebisha hesabu. Fanyeni hivyo mapema Aprili, maana vyuo vingi vinataka jibu kufikia tarehe 1 Mei.

Dada yangu aliandika. Chuo kile kikaongeza dola 1,500. Siku mbili kabla ya Mei mosi, mpwa wangu alifungua tena barua ya chuo cha Wisconsin aliyokuwa ameitupa kwenye droo, tukajaza ombi la punguzo la mkataba pale pale mezani, chai ikiwa haijapoa. Sasa yuko mwaka wa tatu, anasimamia bweni, na kwa kazi hiyo chumba chake hakilipiwi.